Nyumba ya Mama Yake Oyugi

Beldina alikuwa akikwangua magamba ya samaki wa ngege pale ufuo wa Dunga, Jumanne saa nne asubuhi, polisi wa nchi ya mbali walipofungua kituo kati ya kibanda chake na kinyozi. Bango lilisema wanauza masinki. Hakuna aliyewahi kununua hata bomba.

Walimtaka fundi wa injini za boti, mgeni ambaye ufuo mzima ulimwita Oyugi kwa sababu jina lake halisi lilihitaji ulimi wa ziada. Huko kwao alikuwa amemchora rais na masikio ya punda. Sheria haikuwaruhusu kumkamata Kisumu, basi wakamletea nyumba ya mama yake. Jumatano ulifika ukuta, Alhamisi paa, Ijumaa mama mwenyewe, yuko jikoni anakoroga supu.

"Ingia, kula, salimia, toka," Beldina alimwambia. Yeye ndiye aliyemwekea kichwa cha samaki kila siku, na si kila mtu huwekewa kichwa. "Ukilala humo, nyumba itarudi kwenu na wewe ndani."

"Nikiaga analia."

"Alie tu. Una ndevu, bwana. Huku kwetu mwenye ndevu halali nyumba ya mamake."

Desturi hiyo ilimlinda miezi miwili.

Beldina alishtaki serikalini. Akaja Bwana Wasike, afisa wa majengo, akaizunguka nyumba mara mbili, akachora X nyekundu ukutani: imejengwa bila ramani kupitishwa.

"Na hawa polisi?"

"Polisi gani, mama? Hawa wanauza masinki."

"Basi niulizie bei."

Wasike hakuuliza. Serikali iliwaandikia barua ya wasiwasi, wao wakajibu kwa barua ya urafiki, ndefu zaidi.

Jumapili mchana mvua ilinyesha. Oyugi alikula sahani mbili, akajinyoosha kidogo kwenye kitanda chake cha utotoni. Beldina alisikia mkoromo, akaacha samaki kwenye mafuta, akakimbia. Alikuta mstatili mkavu wa ardhi, nao ukaanza kulowa.

Jumatatu Wasike aliandika kwamba jengo haramu limeondolewa, akawashukuru majirani kwa ushirikiano.

Jumatano ukafika ukuta mwingine, wa samawati. Polisi hawakusema ni wa nani. Siku hizi mteja akitoka mbali, kabla ya kumkatia samaki, Beldina humuuliza kwanza nyumba ya mama yake ina rangi gani.