Katani kwenye Bomba la Moto

Siku ile mjinga alikuwa Uweso, na tusimtafutie mwingine, maana baadaye mwenyewe alikwenda kulisema mbele ya meneja na makarani wake, kofia mkononi. Ila mpaka afike mbele ya meneja, alipita pagumu.

Uweso alikuwa fundi wa magari, mtoto wa Ngamiani pale Tanga mjini, na mdomo wake haukujua kupumzika. Alimtania muuza kahawa, akamtania mwalimu wa chuoni, hata gari likigoma kuwaka alilitania kwanza ndipo akalifungua. Watu walimpelekea magari mabovu, na wengine walipeleka hata yaliyo mazima, wakacheke tu.

Mwaka huo shamba moja la mkonge upande wa Mwera, huko Pangani, lilileta lori jipya la dizeli. Ubavuni mwa injini lilikuwa na kitu ambacho Uweso alikuwa hajakiona ila pichani: chuma kilichojikunja kama konokono. Moshi wa injini, badala ya kutoka ukaenda zake, ulipitishwa kwanza humo ndani, ukazungusha pangaboi, na pangaboi ikaisukumia injini hewa kwa nguvu. Lori likipanda kilima na mzigo lilipiga mbinja. Wafanyakazi wakaliita Konokono, ingawa hapakuwa na lori lenye mbio kama lile Pangani nzima.

Sasa, lile bomba nene lililokusanya moshi na kuupeleka kwa konokono likapasuka. Meneja hakutaka kungoja jingine lije kwa meli, akamwita Uweso. Uweso akakata mabomba ya chuma, moja kwa kila tundu la injini, akayajaza mchanga, akayapinda motoni, kisha akayachomelea yakakutana pamoja kama vidole kwenye kiganja. Kazi ilikuwa safi. Hilo hata waliomcheka baadaye hawakulikataa.

Kilichobaki ni kuyavika. Mabomba ya namna ile yakiachwa uchi, joto hupotea njiani na konokono akazunguka kivivu. Tena joto hilo humwokea dereva miguu, kwa sababu mabomba yanapita chini ya ubao anaokanyagia. Dawa yake ilikuwa kamba ya asbesto, isiyoshika moto, na kamba hiyo ilikuwa imeagizwa Mombasa. Haikuja. Na meneja alitaka marobota yake ya katani yafike bandarini kabla meli haijaondoka.

Uweso akatazama kushoto na kulia. Katani imeanikwa uwanjani, katani imerundikwa ghalani, katani imenasa mpaka kwenye nywele za watu. Akasema, kama ni kamba tu, mbona hapa tumezama ndani yake! Akalowesha kamba za katani katika udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chokaa, akayazungushia mabomba, tabaka juu ya tabaka, akakaza, akapaka udongo tena juu. Chungu cha mama yake kilikaa motoni asubuhi na jioni, alijiambia, na hakijaungua hata siku moja. Ulipokauka ukawa mweupe pe.

Dereva wa lori akaja kutazama. Jina lake Kristofa, Mnyamwezi wa upande wa Tabora, aliyeingia shambani kukata mkonge akapanda mpaka akashika usukani. Yeye na Uweso walikuwa watani, kama walivyo watu wa pwani na Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Hawakusalimiana mpaka wametukanana kwanza, na anayenuna ndiye mwenye makosa.

"Mtani," Kristofa akasema, "umelifunga gari langu kidonda?"

"Nimelivika kanzu. Limekaa na wewe mpaka likaanza kunuka, sasa linakwenda mjini kwa watu."

Watu uwanjani wakacheka. Kristofa akainama, akauparura udongo kwa ukucha.

"Hii katani."

"Ilikuwa katani. Sasa ni mtambo."

"Uweso, katani inaungua. Tungoje kamba ya Mombasa."

"Sikilizeni!" Uweso akapaza sauti. "Babu zake walibeba pembe kichwani kutoka Unyanyembe mpaka baharini, leo mjukuu anaogopa kubebwa na gari!"

"Mimi nasema kweli. Miguu itakayokaa hapo juu ni yangu."

"Basi ikiungua tutaila, mtani. Lete ndimu!"

Kicheko kikavuma uwanja mzima. Kristofa hakucheka. Uweso aliliona hilo, akalidharau, kwa sababu mtani akikuambia utaungua, si kawaida yake? Jana yake tu alimwambia atakufa akazikwa kwa gunia.

Wakaiwasha injini pale pale. Kamba zikafuka mvuke, zikatoa harufu kama ya vyungu vipya, kisha zikatulia. Uweso akajipigia makofi.

Asubuhi lori likapakiwa, likashika njia ya Tanga. Uweso alikaa kando ya Kristofa ili ajionee mwenyewe. Walivyokwenda na ule mzigo injini ikafanya kazi ya kweli, si ile ya kusimama uwanjani. Mabomba yakawa mekundu. Mtikisiko wa barabara ukaupasua udongo, hewa ikaingia katika nyufa, na katani iliyokuwa inaivaiva ndani kimyakimya ikapata ilichokuwa ikikingoja.

Hawajafika Tongoni, wakiteremka kwenye kijito, moshi ukatoka chini ya ubao, na nyuma ya moshi moto.

"Ruka!" Uweso akapiga kelele, akaruka yeye.

Kristofa hakuruka. Chini kijitoni walikuwako wanawake wanafua, na breki ya mkono haikuuweza mzigo ule. Akabaki ameikanyaga breki ya mguu, ubao ukiungua chini ya unyayo wake, akiita, "Jiwe! Weka jiwe!" Uweso alikimbia kama kuku, akaokota jiwe dogo, likasagika. Akaokota jingine, likasukumwa. La tatu akalikumbatia, akalibwaga mbele ya gurudumu, likakamata. Ndipo Kristofa akaanguka nje. Wanawake wakapanda na mchanga wao wa kijitoni, wakaumwagia moto kwa ndoo na makarai, na marobota yakapona. Mguu wa kulia wa Kristofa haukupona.

Jioni yake meneja akafika na gari dogo, akalizunguka lori, akauliza kwa Kiswahili chake, "Nani naharibu gari yangu?"

Kristofa alikuwa zahanati. Watu wakamtazama Uweso. Mdomo ule, ambao haukuwahi kukosa neno, ukatafuta neno, ukapata hili:

"Dereva alikanyaga mafuta mno, bwana."

Lilitoka dogo, kama la mtu mwingine. Mwanamke mmoja wa Tongoni, aliyekuwa bado ameshika karai lake, akamtazama Uweso toka juu mpaka chini, kisha akageuka akaenda zake. Uweso akaona afadhali angemtemea mate.

Kristofa akaondolewa kwenye usukani. Akaambiwa akipona arudi kukata mkonge, na nyumba ya dereva aiache mwisho wa mwezi. Uweso alizipata habari hizo Ngamiani. Tangu siku hiyo hakumtania mtu. Muuza kahawa alimchokoza mara mbili, hakujibiwa, akamuuliza kama anaumwa.

Jumapili akafunga safari ya Mwera na chupa ya asali, ya kupaka kidonda. Alimkuta Kristofa amekaa nje kwenye kigoda, mguu umefungwa vitambaa, na mkewe, Praxeda, anafunga vyombo ndani ya gunia kwa ajili ya kuhama.

Njia nzima Uweso alikuwa amepanga aanze vipi. Akaanza kama siku zote.

"Nasikia Wanyamwezi siku hizi mnabanikwa miguu, msije mkatoroka kazi!"

Sufuria ikamponyoka Praxeda. Kristofa akatazama pembeni. Uweso akabaki na meno nje, hajui ayarudishe vipi ndani.

"Karibu, mtani," Praxeda akasema kwa adabu, na adabu ile ikamuuma kuliko tusi.

Kristofa akauliza, "Nani alimwambia meneja nilikanyaga mno?"

"Mtani wangu, ulimi uliteleza."

"Basi nenda ukaurudishe. Karani wa meneja anasema bado hajaandikwa dereva mwingine. Ukisema leo, kesho mimi ni dereva."

"Na mimi je? Nikisema nilifunga katani kwenye moto, nani ataniletea gari tena? Kutoka Tanga mpaka Mkwaja wataniimba. Wewe utapata usukani shamba jingine."

"Kwa jina la dereva aliyechoma lori?"

Uweso akashika upande mwingine. "Halafu, Kristofa, na wewe una lako. Kila siku waniambia nitakufa, nitaoza, nitaliwa na fisi. Ningejuaje siku hiyo husemi utani?"

"Nilikuambia nasema kweli."

"Hata hilo watani husema! Nami nilikujibu kama mtani. Mila yetu mwaijua: la mtani halinuniwi. Tangu babu na babu. Ukininunia leo, wewe ndiye umevunja, si mimi."

Alisema maneno hayo yote hajamtazama mtu usoni, akiizungusha chupa ya asali mikononi. Praxeda alikuwa ameacha kufunga vyombo.

Kristofa hakupandisha sauti. Aliinama, akafungua vitambaa taratibu, mpaka cha mwisho kilichonata kikavutika na ngozi. Akaunyoosha mguu mbele ya Uweso, juani, unyayo juu.

"Haya, Uweso. Mimi nilikuwa natania. Na huu mguu nao, unatania?"