Mama wa Mstari wa Kumi na Saba

Jumatatu, kipindi cha pili, mwalimu wa Kiswahili aliingia darasani na daftari jipya la jalada gumu, rula, kalamu mbili na mhuri wa mbao uliofungwa kwenye kitambaa. Alivipanga mezani kwa kufuata urefu. Kisha akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo wizi wa mawazo umekomeshwa.

Alikuwa na sababu. Muhula uliopita wasichana arobaini wa darasa hilo walimwandikia hadithi arobaini, na thelathini na moja kati ya hizo zilianza na jogoo kuwika na kuishia mtu akizinduka na kukuta kumbe ilikuwa ndoto. Mwalimu alizisahihisha zote kwa siku mbili, na siku ya tatu akaomba ruhusa ya ugonjwa. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini alikuwa na mpango. Kila mwanafunzi atafute wazo moja la hadithi, apange foleni, aliandike kwenye mstari wake daftarini. Wazo likishapigwa mhuri ni mali ya aliyeliandika, na mwingine haruhusiwi kuligusa. Ijumaa ya wiki ya pili, saa kumi jioni, hadithi zikusanywe. Wazo ambalo hadithi yake haikuletwa litafutwa kwa wino mwekundu, na lililofutwa haliandikishwi tena na mtu yeyote. Ubaoni aliorodhesha mahali pa kutafutia mawazo: tazameni, sikilizeni, kumbukeni, ulizeni jirani.

Daftari lilianza kazi siku hiyohiyo. Msichana aliyeitwa Mchwa, kwa sababu alipopita mezani hakikubaki kitu, aliandikisha kikohozi cha mkuu msaidizi wa shule. Ilipofika saa nane mchana mkuu msaidizi, aliyekuwa amekohoa kwa miaka kumi na tisa, alikuwa akihutubia kwa koo laini kama la kasisi, naye Mchwa alikohoa hadi kengele ya mwisho kwa sauti nzito ya mtu mwenye wajukuu. Aliitwa ofisini kwa kosa la kuiga wakubwa. Alionyesha mstari wake na mhuri, akaachiwa aende zake, akakohoa njia nzima. Msichana mwingine aliandikisha kovu la goti la mwenzake wa bweni. Kovu lilihama pamoja na maumivu ya siku za mvua.

Kiranja wa darasa aliandikisha paka wa jikoni. Asubuhi yake aliona paka yule hafikishi hadithi popote, akaomba afutwe. Mwalimu alimkata kwa wino mwekundu, kwa rula. Tangu siku hiyo mpishi mkuu humimina maziwa kidogo kwenye kisahani kando ya jiko, kisha husimama akikitazama, asikumbuke anamtengea nani.

Hakuna aliyeshangaa. Katika shule ile mambo yalikuwa kama yalivyoandikwa. Mtu aliyekuwepo asubuhi lakini jina lake halikutiwa alama kwenye daftari la mahudhurio alihesabiwa hayupo, na mchana hakupakuliwa chakula, hata akisimama mbele ya sufuria na sahani mkononi.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana aliyeitwa Taratibu. Jina lilimfaa. Alifunga kamba za viatu kama mtu anayefunga zawadi. Wazo alikuwa nalo tangu Jumatatu, ila aliona haraka ya nini. Jumanne, wakianika nguo, alimsimulia mwenzake wa dawati.

Mwenzake huyo aliitwa Redio, kwa kuwa alianza kusema kengele ya kuamka ilipolia na hakuna aliyejua swichi yake iko wapi. Redio alilelewa na shangazi yake, aliyemtumia sabuni na nasaha kwa kila mpita njia lakini yeye mwenyewe hajawahi kuja. Siku za wazazi Redio alikaa na familia za watu, akiwachekesha wazazi wa wenzake, akipewa yai.

Wazo la Taratibu lilikuwa mama yake, ambaye ndiye mtu wa pekee aliyekuwa naye duniani. Mama alikuwa fundi cherehani. Uzi ukikatika aliigombeza cherehani na kuiambia irudi kwao. Alipokuwa anakaribia kuolewa hakuwa na gauni, na wakati huo alikuwa ameletewa mapazia ya sebule ya tajiri mmoja ili ayapunguze. Aliyapunguza sana. Aliolewa ndani ya mapazia, na yule tajiri, aliyealikwa kwa heshima, alikaa mstari wa mbele na kumsifia bibi harusi kitambaa chake.

Redio alicheka mpaka akashikilia kamba ya nguo. Jumatano asubuhi alipanga foleni, akawa mtu wa kumi na saba kuandikisha wazo. Alifika mezani akiwa mtupu kabisa kichwani. Mwalimu aligonga meza kwa rula mara mbili, na Redio akaandika kitu cha kwanza kilichomjia: Mama yangu, fundi cherehani, aliyeolewa ndani ya mapazia. Mhuri ukashuka.

Taratibu alipofika mbele alikuwa wa arobaini. Mwalimu alimwambia wazo lake limeshachukuliwa, akamruhusu aache mstari wake wazi mpaka apate lingine.

Jumapili ilikuwa siku ya wazazi. Mama alikuja mapema, akiwa na kikapu kilekile na viatu vyake vya kutokea. Taratibu alimwona tangu getini, akasimama. Mama alimpita, akamkumbatia Redio, akamrudisha nyuma kidogo ili amtazame vizuri.

"Umekonda, mwanangu," alisema. "Hawa wanakulisha nini?"

Mama alimkalisha kwenye benchi, akamfungulia kikapu, akamtengeneza ukosi wa shati. Taratibu alisogea, akaamkia. Mama aliitikia vizuri sana. Aliuliza kama huyu ndiye yule rafiki aliyesikia habari zake, kisha akampa yai.

Jioni, bwenini, wasichana hao wawili walikaa kwenye kitanda cha chini.

"Nilidhani ni wazo tu," alisema Redio.

"Ni mama."

"Sasa najua."

Redio alisema atakwenda asubuhi kuomba mstari wake ufutwe. Alikuwa tayari ameshavaa viatu, ingawa asubuhi ilikuwa mbali. Kisha wote wawili wakakumbuka kwamba siku ile walikuwa wamepita jikoni na kumwona mpishi mkuu amesimama mbele ya kisahani. Redio alivua viatu.

Jumatatu Taratibu alikwenda mwenyewe ofisini kwa mwalimu. Alieleza yote kuanzia mwanzo, kwa mwendo wake. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, maana hakuwa mtu mbaya. Alifungua daftari, akateremsha kidole mpaka mstari wa kumi na saba, akaugeuza ukurasa ili Taratibu ajionee.

"Binti yangu, mimi sibishi kwamba ni mama yako," alisema. "Lakini wazo ni la mwenzako."

Akamshauri asikate tamaa. Mawazo yako kila mahali. Atembee kidogo, aangalie watu, akumbuke mambo ya nyumbani kwao. Taratibu aliuliza nyumbani kwa nani. Mwalimu alisema hilo lenyewe ni swali zuri la kuanzia hadithi, akamfungulia mlango.

Ikafika Alhamisi. Redio alikuwa na mama lakini hakuwa na hadithi. Alijua mapazia na tajiri wa mstari wa mbele, na hayo yalimalizika kwenye aya ya pili. Alijaribu kuongezea simba. Akajaribu kumfanya mama awe amelala na kuota, akajionea haya mwenyewe. Ijumaa saa nane mchana alikuwa na nusu ukurasa na kalamu iliyotafunwa, na mwalimu alionekana dirishani mwa ofisi akijaza wino mwekundu.

Taratibu alichukua kiti, akakaa karibu naye. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alifanya haraka.

"Andika," alisema. "Akishona hunyanyua mguu wa kushoto kutoka kwenye kiatu. Kiatu hubaki peke yake."

"Kwa nini?"

"Sijui. Hata yeye hajui. Andika."

"Akikasirika?"

"Hasemi na mtu. Anapiga pasi. Hata kitu kilichokwisha kupigwa."

"Na akiwa na furaha?"

Taratibu alifikiri. "Anapiga pasi pia. Lakini anafungua dirisha."

Redio aliandika yote. Taratibu alimwambia wimbo, na mahali mama anapoficha mkasi ili asiazimwe. Akamwambia namna alivyoshika mkono wa mtoto mwenye homa, kwa vidole viwili, kama anayepima unene wa kitambaa. Kila kitu alichokuwa nacho alikitoa mezani. Hakubakiza, kwa kuwa hakujua kipande gani kikikosekana mama atakuwa amepungua. Hadithi iliwekwa juu ya rundo dakika nne kabla ya saa kumi. Mwalimu alifunika kalamu nyekundu.

Ya kwake Taratibu aliiandika kwenye dakika nne zilizobaki, baada ya kujaza mstari wa arobaini: Msichana ambaye mama yake aliandikishwa na mwenzake. Aliandika yaliyotokea kama yalivyotokea. Hakuwa na muda wa kubuni.

Matokeo yalibandikwa wiki iliyofuata. Redio alipata thelathini na nane kwa arobaini. Hadithi yake ilisomwa gwarideni, na mkuu msaidizi, kwa koo lake jipya, aliisoma vizuri hata wapishi wakatoka nje kusikiliza. Mwalimu alisema mbele ya shule nzima kwamba mtu haandiki hivi bila kumpenda mama yake. Wasichana walipiga makofi. Taratibu alipiga pia, kwa sababu maneno yalikuwa ya kweli. Karatasi yake ilirudi na kumi na tisa, na maoni pembeni: Ubunifu umepita kiasi. Haiaminiki. Siku nyingine andika jambo unalolijua.

Siku ya kufunga shule matroni alizunguka mabwenini na orodha yake. Ilikuwa na safu ya jina na safu ya mtu anayekuja kumchukua mwanafunzi. Kwenye jina la Taratibu safu ya pili ilikuwa nyeupe, na matroni hakupenda nafasi nyeupe. Aliuliza atamwandika nani. Taratibu alikuwa bado anatafuta jibu mama alipoingia na kikapu.

"Huyu tutaondoka naye," mama alisema, baada ya kuelezwa. "Nyumba ni ndogo lakini mgeni mmoja haijazi." Matroni akaandika.

Mama alikuwa amemshonea Redio sketi mpya. Redio aliivaa. Ilimbana kiunoni na ikaishia juu ya magoti, vidole vinne juu ya kanuni za shule. Mama alimzungusha mara mbili, akachukua tepu, akampima, akasoma namba, akaitazama sketi, akampima tena.

"Sielewi," alisema. "Vipimo vyako navijua kwa kichwa. Sijawahi kukosea vipimo vyako."

Alikaa kwenye ngazi za bweni na sketi magotini, akageuza pindo, akaligeuza tena. Kwa muda alionekana kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini. Kisha akasema macho yanazeeka, akaanza kulifumua pindo. Kitambaa cha kuongezea kilikuwepo. Alikuwa na desturi ya kuacha kingi ndani, watoto hukua. Aliomba mtu amtilie uzi kwenye sindano. Taratibu alichukua sindano, akaulowesha uzi, akaubana kati ya kucha mbili na kuupitisha mara moja tu, akafunga fundo kwa kidole kimoja.

Mama alimtazama.

"Nani kakufundisha kufunga fundo hivyo?"

"Mama yangu."

"Mwambie nimemsifu."

"Nitamwambia," alisema Taratibu.

Pindo likashuka, Redio akavaa, sketi ikakaa. Waliondoka watatu, mama katikati. Mama alimwambia Taratibu kwamba wakifika asione haya wala asikae kigeni. Binti yake atamwonyesha kila kitu, mahali pa kulala, maji yanakowekwa, yote.

Getini mama alitangulia kuagana na mlinzi. Redio alimsogelea Taratibu, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo.

"Choo kiko upande gani?"

"Nyuma, kushoto," alisema Taratibu. "Mlango haufungiki. Utaukaza kwa mguu."

Redio alilirudia jibu hilo mara mbili kimoyomoyo asilisahau, kisha wakamfuata mama yao.