Mgonjwa wa Kutumwa

Melifa alikuwa mgonjwa wa kuajiriwa. Usicheke, kazi za namna hiyo zipo. Watafiti wa Blantyre walimtoa kwenye kikundi cha maigizo kule Zomba, wakamfundisha kuumwa kichwa, kisha wakawa wanamtuma zahanati moja baada ya nyingine, akae kwenye benchi na wagonjwa wenzake aone atapokelewaje. Tabibu atamsalimu? Atanawa mikono? Atampima presha, au atamtupia panadol kabla hajamaliza kusema? Akitoka huko anarudi ofisini kwa Daktari Watipaso, anaeleza kila alichofanyiwa, na zahanati inapewa alama zake.

Matabibu walishaambiwa kwamba mwaka huo watu wa aina hiyo watapita kwao. Hawakuambiwa lini, wala wana sura gani. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila mwanamke mwenye viatu safi alitazamwa mara mbili, na aliyejieleza vizuri akashukiwa zaidi. Kuna mwalimu mmoja wa shule alikwenda na malaria yake halali kabisa, akaulizwa analipwa na nani.

Melifa aliijua kazi yake, hilo tusimnyime. Daktari Watipaso, mwanamama mpole wa kutoka kaskazini, alikuwa amemfundisha hivi: "Usiigize maumivu. Yaite yaje." Basi Melifa alikuwa akiyaita njiani. Akifika kwenye benchi, kipaji cha uso kinampwita kwelikweli, macho yamelegea, na wanaomkuta wanamwonea huruma. Akishatoka anajinyoosha, ananunua mandazi, na kichwa kinatulia.

Siku za karibuni kilikuwa hakitulii. Naye alijisifu moyoni kwamba sasa amekomaa katika sanaa.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuna ofisini aliyelijua. Mumewe alipoondoka kwenda Joni, kule Afrika Kusini, kutafuta kazi ya ujenzi alimwachia mimba changa. Watafiti walimpima kabla ya kumwajiri wakamkuta mzima, na mimba hawakuiuliza ila kwa mdomo. Akasema hana. Mjamzito hakuruhusiwa kazi ile, na Melifa hakuwa na nyingine. Baadaye ilipoingia baridi ya Juni, na manyunyu ya chiperoni yakaufunika mji, alivaa sweta kubwa la mumewe juu ya vitenge viwili. Alikuwa mnene tangu zamani, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Miguu ilipoanza kuvimba alilaumu kutembea.

Matabibu wengi walimpa panadol tu. Wa Limbe, kijana mtanashati, alimvutia kiti, akamwita dada, akamsikiliza mpaka mwisho akiitikia kwa kichwa, akamwambia apumzike na anywe maji mengi. Melifa alitoka pale amefurahi. Yule kijana alipata alama nzuri kuliko wote, ingawa mashine ya presha ilibaki ukutani, kwa sababu upole nao ulikuwa na alama zake na Melifa alimpa zote.

Kisha akatumwa kwa Bwana Makwinja.

Makwinja alikuwa tabibu wa siku nyingi, mrefu, mkavu, mwenye uso wa kugombana. Zahanati yake ilikuwa nyuma ya soko na benchi lake halikuwahi kuwa tupu. Alimtazama Melifa kuanzia viatu kwenda juu.

"Unaumwa nini?"

"Kichwa, bwana daktari. Wiki nzima sasa. Kinanibana hapa, utadhani mtu kanifunga kamba."

Mzee aliweka kalamu chini. "Kamba, eh? Na jioni kinazidi."

"Ndiyo, kinazidi."

"Ukilala kinapungua kidogo."

Melifa akaduwaa. Hayo yalikuwa maneno yake yaliyofuata. Wenzake waliofundishwa naye walikuwa na maneno hayohayo, na bila shaka mmoja wao alikwisha pita hapa. Akaitikia tu, jasho likimtoka ndani ya sweta.

Mzee akanyanyuka. Akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, akimwangalia. Akamfunga mkanda wa mashine mkononi, akapima. Akapima tena mkono wa pili. Uso ukabadilika kidogo, ukarudi ulivyokuwa.

"Una mimba?"

"Hapana. Mume wangu yuko Joni."

"Sikukuuliza mume yuko wapi."

"Sina mimba, bwana daktari."

"Presha yako iko juu mno. Nenda hospitali kuu leo, usingoje kesho." Kisha akasogeza uso karibu. "Na waliokutuma wasalimie."

Melifa alitoka pale amekasirika. Mzee amemtambua, basi, na kwa kuwa amemtambua anataka kumtia hofu ili watafiti waonekane wajinga. Hospitali hakwenda. Alikwenda ofisini akaeleza yote, na Daktari Watipaso akatikisa kichwa.

"Tulikupima wenyewe, Melifa. U mzima. Huyo mzee ama anatisha watu, ama kakustukia anatuchezea. Yote mawili ni makosa."

Neno moja tu la Melifa lingetosha kubadilisha hukumu ile. Lilifika ulimini, akaliona benchi la wasio na kazi, akalimeza. Makwinja akapewa alama mbaya kuliko wote katika mji ule, na barua ya kumwonya ikaenda.

Zikapita wiki kadhaa. Asubuhi moja ya manyunyu Melifa alikuwa anajiandaa kwenda zahanati nyingine. Alisimama mbele ya kioo kuyaita maumivu, akakuta yamekwisha fika. Yalikuwa yamelala naye. Kwenye kioo uso ulijaa, na pembeni mwa macho kulikuwa na vimulimuli vinavyocheza. Alijaribu kuvua pete, ikakataa. Akasubiri kichwa kiache, maana alikuwa hajafika kwenye benchi la mtu yeyote. Hakikuacha. Hapo ndipo alipoogopa, hofu ya kweli, na katika hofu ile likamjia jambo la aibu: kwamba kati ya wote waliomwona, ni yule mzee mkavu tu aliyemwambia anaumwa. Huenda alimdanganya. Lakini kama hakumdanganya?

Akaenda nyuma ya soko, akishika kuta.

Makwinja alimwona kutoka mlangoni. "Aa, mkaguzi! Pita, pita mbele. Akina mama, mpisheni mkubwa." Benchi zima likageuka kumtazama.

Mlango ulipofungwa, Melifa alisema, "Leo sikutumwa, baba."

"Ndivyo anavyosema aliyetumwa."

"Haki ya Mungu. Kichwa kinaniuma."

"Kwa kamba ileile?"

"Sijui kwa nini. Naona vimulimuli. Pete haitoki."

"Hayo ni mapya," mzee alisema. "Wamewaongezea. Mara ile mlinitega na presha, nilipoisema mkaniletea barua kwamba natisha watu. Nikinyamaza leo, itakuja nyingine kwamba sijali. Haya, keti. Nitafanya kila kitu, usikose hata kimoja."

Akaanza. Alifungua bomba na kutangaza kwa sauti, kama mtu wa redioni: "Tabibu ananawa mikono! Kwa sabuni!" Akavuta kiti. "Tabibu anamkalisha mgonjwa, mgongo umeegemea, miguu iko chini! Tabibu anamwita mgonjwa mama!" Nje akina mama walianza kucheka bila kujua wanacheka nini. Melifa alitamani ardhi ipasuke, na kichwa kilimgonga kwa kila neno. Aliomba tu mashine isikosee. Mzee akamfunga mkanda, akaupuliza ukajaa, akainamisha macho kwenye mshale huku bado anatangaza. "Tabibu anasoma presha kwa makini..."

Tangazo likakatika.

Alipima upya, kimya. Akamshika mkono, akabonyeza juu ya kifundo, na shimo la kidole likabaki pale kwenye ngozi. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Fungua sweta."

Melifa akafungua. Mzee akaliona tumbo.

"Miezi mingapi?"

"Saba."

"Na hao wakubwa zako wanajua?"

"Hawajui. Wangenifukuza."

"Mungu wangu, binti. Mtoto amecheza leo?"

Yeye aliyekuwa na jibu la kila swali la kila tabibu, hili hakuwa nalo. Miezi yote ile alikuwa amejizoeza kutomsikia mtoto. Akicheza ofisini, Melifa alikohoa. Akicheza kwenye benchi, alijifunga kitenge vizuri na kuangalia pembeni. Aliwaficha watu mpaka akaificha hata nafsi yake, na sasa aliisaka kumbukumbu ya jana, ya juzi, asipate kitu. Akaanza kulia kwa sauti.

"Sijui, baba. Sijui."

Makwinja alimchoma sindano, akatoka nje anakimbia, na umri ule. Akasimamisha pikapu ya muuza mkaa, akampakia Melifa, akaidandia kama askari. Benchi aliliacha lilivyo. Njia nzima alimshika Melifa mabega kati ya magunia, akimwambia asifumbe macho, aongee, aongee chochote. Melifa aliongea. Alimweleza juu ya mumewe, juu ya Zomba, na kwamba barua ile ilitokana na yeye kunyamaza. Mzee akamgongea dereva aongeze mwendo.

Hospitalini mkunga aliweka pembe yake ya kusikilizia juu ya tumbo akasikiliza. Akaihamisha, akasikiliza. Akaihamisha tena. "Yupo," alisema mwishowe. "Hafifu, ila yupo. Mlezi wake nani?"

Pale kwao mgonjwa halazwi bila mlezi, mtu wa kumpikia, kumfulia na kulala karibu naye. Melifa hakuwa na mtu.

"Mimi hapa," Makwinja alisema.

Mkunga alimpima kwa macho, koti lake na tai yake. "Wewe baba utapika?"

"Nitapika."

Melifa akiwa kwenye kitanda cha magurudumu alimtazama yule mzee, na shaka ikamwingia hata saa ile. Pengine bado anadhani kuna mtu anamhesabia. Pengine anaokoa alama zake. Ni jambo baya kumshuku anayekuokoa, lakini alishafanya kazi ile mno, hakujua tena kumwona mtu akitenda wema bila kujiuliza anamtendea nani. Kisha wakamsukuma ndani.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo wa kutosha kulala kiganjani, na alipumua. Walimweka kwenye chumba cha joto. Presha ya Melifa ilianza kushuka, na Daktari Watipaso alipokuja alikaa kitandani kwake akalia pamoja naye, na habari ya kazi ikaisha bila mtu kuitaja. Alisema atakwenda kumwomba radhi yule mzee, na kwamba alama zake zitasahihishwa.

Mzee alikuwa kwenye banda la walezi, amekunja mikono ya shati, anakoroga uji wa mgaiwa, unga wa mahindi yasiyokobolewa, katikati ya wanawake wanaomzomea. "Baba, unaunguza!" "Mwoneni, anashika mwiko anadhani bomba la sindano!" Melifa alipoweza kutembea alikwenda kukaa karibu naye juu ya tofali.

"Watakurudishia heshima yako," alimwambia. "Nimewaambia kila kitu. Wengine walinipa panadol tu, baba. Hata yule wa Limbe niliyempenda hakunipima. Ni wewe peke yako uliyenipima."

Makwinja aliendelea kukoroga. Uji ulishaiva zamani.

"Usinishukuru," alisema.

"Kwa nini nisikushukuru?"

"Foleni yangu umeiona. Mwenye kichwa nampa panadol anakwenda, sina muda wa kumfunga mtu mashine. Mwenzako aliyekutangulia alikuja na kamba yake, nikampa panadol, baadaye nikasikia sokoni kwamba alikuwa mtu wenu. Viatu vyako nilivitilia shaka tangu ulipokuwa kwenye benchi; uliposema kamba nikajua. Ndiyo maana nikapima." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aketi pale. "Ningekuamini, nisingekugusa."

Wanawake walikuwa bado wanacheka upande wa pili wa moto. Melifa aliuzuia mwiko kwa mkono.

"Na wale waliokuwa kwenye benchi siku ile?"

"Kulikuwa na mmoja, mbele yako, tumbo lake kubwa kuliko lako. Naye alilalamika kichwa. Nilimtoa haraka, nipate nafasi ya kunawa mikono mbele yako."

"Alikwenda wapi?"

"Nilimpa panadol," mzee alisema. "Akashukuru sana."