Kanda Mama

Baba alianza kwa kutosikia birika. Maji yalichemka, birika likapiga mluzi mpaka jirani akagonga ukuta, naye alikuwa amekaa hatua mbili kutoka jikoni akisoma gazeti la juzi. Nilipozima jiko aliinua macho akaniuliza kama chai bado.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono ya baridi. Alimvalisha Baba vile vifaa vya kusikilizia na kumwambia anyooshe kidole kila akisikia mlio. Nilikaa pembeni. Niliisikia milio ikivuja mmoja baada ya mwingine, na kidole cha Baba kimelala tu juu ya goti. Kilinyooka kwenye ile minene, tena si yote.

"Kazi yako nini, mzee?"

"Nachomelea mageti. Na zamani nilikuwa napiga dramu."

"Dramu za aina gani?"

"Za kelele," alisema Baba, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Daktari aliandika kitu kwenye faili, kisha akanigeukia mimi, kama watu wanavyofanya mgonjwa akishaanza kuonekana mzee. Mishipa ya masikio imechoka, alisema. Kifaa hakitasaidia sana. Sauti nyembamba zimetangulia, na nene zitafuata, pengine kabla mwaka haujaisha.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni alishika komeo bila kulivuta.

"Mama," alisema. Baba huniita mama, kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao. "Kabla haya masikio hayajafunga, nataka kumsikia mama yako. Si yule wa kwenye kanda za watu. Mwenyewe."

Sauti ya mama yangu siikumbuki. Alifariki nikiwa na miezi kumi na minne. Lakini wapo watu, wengine katika nchi ambazo sitafika maishani, wanaodhani wameisikia, na wanaipenda sana.

Bendi yao iliitwa Kutu. Ilikuwa na watu wanne: Baba kwenye dramu, rafiki yake Nati kwenye besi, mpiga gitaa mmoja ambaye baadaye aliokoka na kuzichoma kanda zake zote uani, na Mama, mshonaji wa ovaroli kiwandani, aliyekuwa akiimba. Walipiga muziki wa metali, ule mzito wenyewe, wakati hakuna aliyewaomba waupige. Albamu yao moja na ya pekee inaitwa Mvua ya Misumari. Waliirekodi kwa Jumapili mbili katika karakana ya Baba, magodoro yakiwa yametundikwa ukutani na kipaza sauti kimefungwa kwenye mpini wa ufagio. Redio waliirudisha pamoja na barua fupi iliyosema kanda ina hitilafu. Basi wakaamua kuitoa wenyewe.

Kanda ya kwanza, ile inayozaa nyingine zote, wao waliiita kanda mama. Kazi ya kunakili alipewa Baba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na deki mbili. Alipoanza tu nakala ya kwanza, mpira unaozungusha deki ya kuchezea ulikatika. Mtu mwingine angengoja duka lifunguliwe. Baba ni fundi. Alichukua tyubu ya baiskeli, akaikata pete nyembamba kwa mkasi wa Mama, akaivisha. Gurudumu likazunguka, naye akaridhika. Hakujua kwamba ile pete ilikuwa ikiteleza, na kanda mama ikawa inakwenda kivivu. Alikuwa ametoka kusaga vyuma kutwa nzima, masikio yakivuma, na nyimbo zile alikuwa amezisikia mno hata hazisikii tena. Akatoa nakala mia moja na hamsini.

Kila nakala ilitoka polepole kuliko ilivyopigwa. Dramu zikawa kama mtu anayeburuta sefu kwenye sakafu ya mbao. Na sauti ya mwanamke wa miaka ishirini na minne ikashuka, ikashuka, mpaka ikawa ya mzee.

Mama aligundua kazini. Alikwenda na nakala yake kiwandani ili wenzake waisikie saa ya chakula. Wimbo ulipoanza, mmoja akauliza, "Huyu nani?" Kabla siku haijaisha kiwanda kizima kilikuwa kinamwita Babu. Alirudi nyumbani, akaiweka kanda juu ya meza mbele ya Baba, akamuuliza lile lile.

"Huyu nani?"

Baba alidhani ni utani, akacheka. Ananiambia mpaka leo kwamba angekipata kicheko kile angekimeza.

Nakala zilikuwa zimeshasambaa. Baba alisema atanakili upya, Mama akasema hapana. Hakuimba tena, hata wakati wa kuosha vyombo. Nikazaliwa mimi, kisha akaugua wiki mbili. Siku ya pili baada ya mazishi Nati alikuja nyumbani, akachukua kanda mama kutoka kabatini, akamwambia Baba, "Hii huigusi tena." Tangu hapo wamekuwa watu wa kusalimiana misibani tu.

Na zile nakala zilisafiri. Sijui zilivyosafiri. Nilipokuwa chuoni nikisomea ukutubi, nilizikuta kwenye mtandao, na chini yake maneno ya watu wasiojuana. Walimwita mwimbaji Mzee wa Kutu. Walisema hakuna bendi iliyowahi kuwa nzito vile bila msaada wa yeyote. Mmoja aliandika kwamba husikiliza albamu ile kila mwaka, siku aliyomzika kaka yake, kwa sababu mzee yule anaimba kama mtu aliyeshakubali. Niliandika jibu mara nyingi, nikalifuta mara hizo hizo.

Nati siku hizi anachonga funguo. Kibanda chake kina upana wa mlango mmoja, na ukuta mzima ni funguo ambazo bado hazina meno. Nilimkuta ameinama kwenye mashine, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekonda. Huyo baba yako anakulisha vyuma?" Alipuliza unga wa shaba kutoka kwenye ufunguo. "Umepoteza ufunguo?"

"Hapana."

"Basi sema. Umesimama kama mtu aliyeleta posa."

Nilitazama viatu vyangu. "Nimekuja kuomba kanda mama."

Alizima mashine. Barabarani mtu alikuwa akibishana kwenye simu.

"Amekutuma?"

"Ndiyo."

"Miguu anayo?"

"Anayo."

"Basi aje nayo."

Siku nyingine ningesema asante na kuondoka. Mimi huwa naondoka hata dukani wakinirudishia chenji pungufu. Lakini nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima, na maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, hayana pa kurudi.

"Masikio yake yanafunga, baba mdogo. Yote mawili. Daktari amesema ni kabla mwaka haujaisha. Anataka kumsikia mara moja tu. Na mimi sijawahi."

Nati aliugeuza ule ufunguo mkononi, upande huu, upande ule.

"Mimi limekufa moja," alisema, akigusa sikio la kushoto. "Alikuwa anakaa upande huu na matoazi yake. Nilimwambia asogee. Unadhani alisogea?" Akavua miwani. "Jumamosi mchana. Nakuja na deki yangu mwenyewe. Na akiigusa kanda ile, hata kwa ukucha, naondoka nayo."

Jumamosi Baba alinyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. Alifagia karakana, akasukuma kando geti ambalo halijakamilika, akapanga viti vitatu. Nati aliingia na deki kifuani kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Umezeeka," alisema.

"Nini?"

"Nimesema umezeeka."

"Sikia nani anasema."

Hawakupeana mkono. Lakini Baba alishika ncha moja ya meza na Nati nyingine, wakaivuta mpaka kwenye swichi bila kuambiana. Nati alitoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kitambaa cha ovaroli, ndani ya kitambaa kanda. Juu yake palikuwa na mwandiko wa herufi kubwa zilizolala kushoto: KUTU. ASILI. USIFUTE. Alisafisha deki kwa pamba na spiriti, akatuonyesha mpira mpya wa dukani, akamwonyesha Baba zaidi kuliko mimi. Baba alikuwa ameikalia mikono yake, kila mmoja chini ya paja.

Nati akabonyeza.

Kwanza kulikuwa na mvumo wa chumba, chumba hiki hiki. Kisha mtu akasema, karibu kabisa na kipaza sauti, "Ngojeni. Nywele imeniingia mdomoni." Wengine wakacheka. Baba, bado kijana, alicheka kuliko wote.

Nilishika ukingo wa kiti. Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomsikia mama yangu akisema.

Dramu zikaanza, na nikashtuka, kwa maana niliujua wimbo ule tangu utoto na sikuwa nimewahi kuusikia ukikimbia. Baba alichomoa mikono chini ya mapaja, akawa anapiga magotini, kila pigo mahali pake, uso umeng'aa. Gitaa likaingia. Besi ikaingia. Na juu ya vyote hivyo akaingia yeye. Haikuwa sauti nzuri ya kubembeleza mtoto. Ilikuwa ngumu, nyembamba, iliyonyooka, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara yenye magari na ana hakika ataitikiwa. Hapakuwa na mzee. Hapakuwa na mtu aliyekubali chochote.

Nilimtazama Baba. Alikuwa bado anapiga dramu magotini, kidevu juu, akingoja.

"Mwanzo wake ulikuwa mrefu hivi?" aliuliza kwa sauti kubwa.

Nati alinitazama. Alinyoosha mkono akaongeza sauti, akaongeza tena, hadi mabati yakatetemeka.

"Nasikia dramu," alisema Baba. "Namsikia na huyu na besi yake, anachelewa vile vile. Mbona yeye haingii?"

Ilibidi niinuke, nipige magoti kando ya kiti chake na kusema sikioni, nikiishusha sauti yangu kadiri nilivyoweza. "Ameingia, Baba. Anaimba sasa. Yuko ubeti wa pili."

Mikono yake ikasimama. Ile ya kwenye kanda iliendelea kupiga.

Nati alifanya jambo ambalo sidhani alikuwa amelipanga. Alifungua kifuniko cha deki, akaweka kidole gumba juu ya gurudumu linalozunguka, taratibu, kama mtu anayepima homa. Wimbo ukalemaa. Dramu zikawa nzito, na ile sauti ikashuka kutoka ilikokuwa, ngazi baada ya ngazi, mpaka akaja yule mzee ninayemjua.

Uso wa Baba ukafunguka.

"Huyo," alisema. Alinishika mkono. "Namsikia. Huyo, huyo."

Tulikaa hivyo kwa mistari mitatu au minne. Nati alikuwa ameinama juu ya deki, akimtazama Baba. Kisha Baba akaniachia mkono.

"Nati. Toa kidole."

"Utampoteza."

"Nini?"

"Nimesema hutamsikia."

"Toa. Mwenyewe alishasema huyu siye yeye."

Nati alitoa kidole. Sauti ikapanda, ikanyooka, ikamtoka Baba kabisa. Niliona ilipomtoka, kwenye macho. Lakini hakusema irudishwe. Alikaa akitazama deki jinsi ilivyokuwa inazunguka vizuri.

"Anaimbaje?" aliniuliza.

Nimesoma vitabu vingi, na nimesoma yote ambayo watu wameandika juu ya sauti ile nyingine, na neno nililolipata halikutoka humo. Nati alikuwa amegeukia ukutani akijifanya anakagua waya. Wimbo wa pili ukaanza.

"Kama mimi," nilisema sikioni mwake. "Ila hana aibu."

Alicheka. "Hakuwa nayo," alisema. "Hata kidogo."

Tulisikiliza upande wa kwanza, Nati akageuza, tukasikiliza wa pili. Kila Mama alipoingia nilimwambia Baba, na kila alipopumzika nilimwambia. Wimbo wa mwisho vyombo vinanyamaza kabla yake. Gitaa linaacha, kisha besi, kisha dramu, naye anabaki peke yake katika chumba chenye magodoro. Baba alilisikia pigo lake la mwisho likipita, akakunja mikono.

"Sasa yuko peke yake," alisema.

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Akimaliza uniambie."

Peke yake hakupaza sauti. Aliimba mistari minne, karibu kama mtu anayejiambia, na kati ya mstari na mstari nilimsikia akivuta pumzi. Kisha ukabaki ule mvumo wa chumba, na mtu mmoja akisogeza kiti, zamani.

Nati alinitazama. Baba naye alikuwa ananitazama, amekaa wima, akingoja. Sikumwambia bado.