Panauma Wapi?

Mafundi wa karakana ya miguu bandia walimbatiza binti yule jina la Profesa siku ileile aliyoripoti, maana alikuja na koti jeupe lililopigwa pasi, na kabla ya chai ya saa nne lilikuwa limetapakaa plasta. Alicheka pamoja nao. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyetumwa na chuo kwa mafunzo ya vitendo, na ili afaulu ilimbidi atengeneze mguu mmoja kwa mikono yake, mgonjwa autembelee mbele ya mhadhiri.

Mgonjwa alikuwa naye tayari, nyumbani, kwenye kiti cha dirishani, akiwatania wapita njia. Ndiye baba yake, aliyekuwa dereva wa lori hadi kisukari kilipomla mguu wa kulia, ukakatwa chini ya goti. Tangu hapo binti hakuwa na ndoto nyingine ila kumwona amesimama tena.

"Hapana," alisema mkuu wa karakana, mama mmoja wa sauti nzito waliyemwita Mama Plasta. "Hapa hatumtengenezei ndugu."

"Kwa nini, mama?"

"Mgonjwa wa kawaida akibanwa atapiga kelele, nawe utajua pa kupunguza. Ndugu hasemi. Atakwambia safi kabisa mwanangu, na huku roho inamtoka."

Binti alibembeleza weee, akaosha hata vikombe ambavyo hakuvinywea, mpaka mama yule akachoka. "Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, na mafundi wakaangua kicheko, kwa jinsi methali hiyo isivyo na adabu mahali kama pale. Wala methali haikukosea sana. Ilikosea tu guu la nani.

Aliuchonga mguu ule kwa mapenzi. Kile kikombe cha juu kinachopokea kigutu alikisugua ndani hadi kikawa laini kama bakuli. Siku ya kuujaribu, baba alisimama katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, kisha akaviachia.

"Panauma wapi, baba?"

"Paume wapi! Viatu vyangu vya harusi vilinibana kuliko mguu huu."

Jasho lilikuwa limemjaa usoni. Mama Plasta aliliona, akamgeukia binti. Binti akasema ni joto.

Mbele ya mhadhiri, baba alikwenda na kurudi, akageuka, akapiga saluti. Hakuna mwanafunzi aliyepata maksi kama zile. Tangu siku hiyo mzee hakukalika. Dukani yeye, kwa kinyozi yeye, akipandisha suruali kila alipopata wa kumwonyesha: "Kautengeneza binti yangu huu!" Usiku aliuvua mguu huo akiwa amefunga mlango. Alisema hata mzee ana faragha yake.

Harufu ndiyo iliyomsema. Binti aliusukuma mlango, akamkuta ameketi kitandani, soksi ya kigutu imegandana na kidonda, na chini ya godoro vitambaa alivyokuwa akijifungia kwa siri.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu siku ile ya kujaribu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungefeli, mama."

Kidonda cha mwenye kisukari hakina subira. Hospitalini walikata tena, safari hii juu ya goti. Binti alilia koridoni kwa sauti, bila kujali nani anamtazama, akisema mimi ndiye niliyemkata, mimi. Mama Plasta alikuja na aproni yake ya kazini, akamkumbatia. Hakumkumbusha neno lolote, na hilo lilimuuma binti kuliko kama angekemewa.

Alipoingia wodini, baba alikuwa macho, shuka imelala bapa pale ambapo zamani palikuwa na goti.

"Sasa utanitengenezea wenye goti," alisema. "Huo maksi zake si mchezo."

Binti hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akamuuliza polepole, kama alivyofundishwa kuwauliza wagonjwa wote:

"Baba, panauma wapi?"

Baba alimtazama. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi shingoni.

"Hapaumi popote, mama," alisema, akatabasamu.

Binti alichukua ncha ya khanga yake, akamfuta jasho.