Aliyoyasema Nyamvula

Mwaka wa hamsini na tisa, Lewa alikuwa karani wa kutafsiri katika kiwanda kimoja cha kahawa, Changamwe. Wafanyakazi walieleza kwa Kiswahili, yeye akaandika Kiingereza, meneja akasoma.

Asubuhi moja magunia yaliporomoka ghalani. Wanawake waliokuwa wakichambua buni wakatimua mbio. Mizani ikavunjika, msimamizi akaumia mguu. Nyamvula, mkubwa wao, akaitwa aeleze.

"Palikuwa na fujo, mwanangu. Fujo kubwa."

Lewa akaandika *riot*. Neno fupi, lenye nguvu, lilimpendeza.

Alasiri meneja akamwita, mkono u juu ya simu. "Kumbe wanawake wameasi! Nawaita polisi."

Lewa akaichukua karatasi yake mezani. "Nipe nusu saa, bwana. Nimwulize tena."

Akamkuta Nyamvula nje ya ghala, akikung'uta kanga.

"Shikamoo, mama. Ile fujo, watu walipigana?"

"Marahaba. Wapigane na nani? Vumbi lilitanda, hatuonani. Huyu huku, yule kule. Mwenzangu Dhahabu kanikanyaga, adhani mimi gunia! Si ndiyo fujo hiyo?"

Akarudi akiyapima maneno njiani. *Mess* ni uchafu wa chumba kisichofagiwa, wangeonekana wavivu. *Disorder* lilikuwa na harufu ya kituo cha polisi. Likabaki *confusion*: watu kupotewa, wasijue pa kukimbilia. Akakata la kwanza, akaandika hilo.

Meneja akaitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. "Wamekuhonga nini?"

"Hawakunipa kitu, bwana. Mama alisema kweli. Mimi ndiye niliyeandika uongo, bila kujua."

Hatimaye meneja akauondoa mkono kwenye simu.

Kesho yake wanawake walirudi kazini. Lewa akapewa barua ya onyo, akatolewa ofisini na kuwekwa langoni. Nyamvula alipopita akasimama.

"Wamekunyang'anya kalamu kwa ajili yangu?"

"La, mama. Kwa ajili yangu mwenyewe."

Barua ile haikumnyima usingizi. Kilichomsumbua ni miaka minne ya maelezo ya watu, aliyoyatafsiri bila kurudi kuuliza hata mara moja. Bakari wa Mtongwe alifukuzwa kazi kwa karatasi iliyotoka mkononi mwake, na neno aliloliandika hata halikumbuki. Jumapili alivaa kanzu safi, akavuka maji kwenda kumtafuta.