Laini ya Kumi na Saba

Mkokoteni ulikuwa wa kubebea saruji, na harufu yake ilibaki hata baada ya kusuguliwa kwa sabuni mara tatu. Patasi alipandishwa kwa hatua: kwanza makalio, halafu mguu mmoja, halafu wa pili. Mashine ya hewa ikawekwa katikati ya magoti yake. Mkewe akauchomoa mrija kwenye mashine, akauchomeka kwenye mtungi mdogo wa akiba, ule wa dakika ishirini, akatazama saa kwenye simu. Saa nane kasoro dakika tano, Jumamosi, siku asiyokwenda kazini. Umeme ungekatika saa nane kamili.

"Abiria wafunge mikanda," alisema mshonaji wa chumba cha jirani, akishika mikono ya mkokoteni. Alikuwa rafiki wa Patasi tangu enzi za machimbo, na mke wa Patasi alimwita shemeji.

Patasi hakucheka. Kucheka kulimaliza pumzi. Miaka kumi na minne alichonga mawe bila hata kitambaa usoni, na vumbi lote lile sasa lilikuwa limehamia kifuani, limejenga. Daktari aliwaazima mashine ya hospitali kwa maneno mafupi: isizimwe zaidi ya nusu saa.

Walivuka barabara kuu. Ng'ambo kulikuwa na kinyozi ambaye kibanda chake kilikuwa kwenye laini moja na hospitali, na laini ya hospitali haikatwi. Kinyozi alikuwa mtu mwema kwa kiasi. Alimpokea Patasi wakati wa mgao tu, si siku nzima. Watu, alisema, hawatulii kwenye kiti wakimsikiliza mtu anavyohema.

"Mama Mgao!" aliita muuza mkaa wa kwenye kona. "Kesho unatukata saa ngapi?"

"Saa tano. Chaji simu mapema."

"Na huko ofisini kwenu mbona hamjikati?"

Watu wakacheka, na mke wa Patasi akacheka kidogo ili asionekane ana maringo. Jina alishalizoea. Alikuwa kibarua katika shirika la umeme, chumba cha mipango, na ni yeye aliyeingiza kwenye kompyuta tarakimu zilizozaa ratiba ya mgao. Mtaa mzima uliamini ana mkono kwenye swichi. Mkono gani? Hata kiti alichokalia kilikuwa cha mtu aliyekwenda masomoni.

Mji ulikuwa na laini hamsini na mbili. Kila asubuhi aliletewa karatasi ya uniti zilizotumika katika kila laini, akaziingiza moja baada ya nyingine. Mtaa wake ulikuwa laini ya kumi na saba. Mtaalamu, kijana mpole mwenye shahada tatu na chupa ya maji isiyomtoka mkononi, alimweleza siku ya kwanza, kwa subira, kama anavyoelezwa mtu mzima asiyesoma sana.

"Umeme hautoshi, mama. Lazima tukate mahali, swali ni wapi na saa ngapi. Kila laini ina uzito wake, na uzito ni kile ambacho shirika linapoteza likiikata. Kuna mamilioni ya namna za kupanga. Programu inazichambua mpaka ipate ile yenye hasara ndogo kuliko zote. Haina chuki na mtu, haina mjomba wala shangazi."

"Na watu wa kwenye laini wanahesabiwaje?"

"Kwa mita. Mita moja, mteja mmoja."

Ua aliokaa ulikuwa na vyumba kumi na tisa na mita moja, kwa jina la mwenye nyumba. Mwezi wa kwanza, alipofika kwenye mstari wa ua huo katika orodha ya wateja, vidole vilisita kabla ya kuandika moja. Mwezi wa pili havikusita.

Kulikuwa na sharti moja la huruma. Laini yenye mgonjwa wa mashine iliwekewa alama, na laini yenye alama programu ilikatazwa kuigusa. Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja. Daktari alisaini palepale, amesimama. Chini kabisa palitakiwa sahihi ya mwenye mita.

"Mwanangu," alisema mwenye nyumba, akiigeuza fomu mbele na nyuma, "mimi namwonea huruma sana mumeo. Sana. Lakini nikisaini, wakaguzi watakuja kumwona mgonjwa. Wakija kumwona mgonjwa, wataona vyumba kumi na tisa kwenye mita moja, na hiyo ni marufuku. Watakata nyaya kabisa, si kwa mgao. Hapo utakuwa umemsaidia nani?"

"Baba, huyu mtu anakufa."

"Usimtabirie mumeo kifo. Yeye ni mmoja, vyumba ni kumi na tisa. Piga hesabu mwenyewe, si ndiyo kazi yako?"

Alikaribishwa chai. Aliinywa yote, maana kuiacha kungekuwa utovu wa adabu, na bado alihitaji chumba.

Ikabaki njia yake mwenyewe. Kila saa kumi jioni programu ilitoa rasimu ya ratiba ya kesho, na Ijumaa ya siku tatu zinazofuata. Kuitoa rasimu nje ya chumba kulikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Yeye alitazama mstari mmoja tu, akaenda chooni, akamwandikia shemeji maneno mawili: Kesho tano. Au: Kesho nane. Basi. Shemeji alipanga safari zake kwa maneno hayo mawili, na mtaa mzima ukamfuata. Watu walichaji simu, walipiga pasi, waliwasha na kuzima kwa neno la Mama Mgao. Miezi minane rasimu ya jioni haikubadilika hata mara moja. Kilichotoka asubuhi kilikuwa kilekile. Kwa hiyo akaacha kukiangalia tena asubuhi.

Jumatano jioni aliandika: Kesho nane.

Alhamisi aliitwa kwenye kikao kuandika kumbukumbu, kwa kuwa karani wa kazi hiyo alikuwa na udhuru. Mkuu wa Mipango alikaa mwanzo wa meza. Mtaalamu alisimama kando ya ukuta uliomulikwa safu za tarakimu, uso wake una furaha ya mtu aliyepasi mtihani.

"Siku zote tunaisimamisha programu ikishakaribia jibu bora," alisema. "Linabaki pengo la kama asilimia moja, tunalisamehe, tunakwenda nyumbani. Jana nikasema hapana. Nikaiacha iendelee mpaka leo asubuhi. Imelifunga pengo lote. Hili sasa si jibu la karibu, ni jibu bora kabisa. Hasara imepungua kwa karibu nusu ya asilimia."

"Nusu asilimia!" Mkuu alipiga meza kwa kiganja. "Mnaona? Mnaona faida ya kusoma? Na imebadilisha nini?"

"Kidogo sana. Laini mbili zimebadilishana saa. Ya tisa imekwenda saa nane, ya kumi na saba imekuja saa tano."

Yeye akaandika: ya kumi na saba, saa tano. Kalamu ilimaliza sentensi na kuweka nukta. Ndipo akainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa tano na dakika kumi na mbili.

Alisimama.

"Mkuu, samahani. Naomba ruhusa. Nina mgonjwa nyumbani."

"Nani hana mgonjwa, mama? Tumalize ajenda."

"Anatumia mashine ya hewa. Yuko laini ya kumi na saba."

Mkuu alimgeukia Mtaalamu. Mtaalamu akafungua orodha, akaishuka kwa kidole, bila haraka na bila ubaya.

"Ya kumi na saba haina alama," alisema. "Ingekuwa na mgonjwa wa mashine, ingekuwa na alama."

"Umesikia," alisema Mkuu. Halafu akapunguza sauti. "Lakini ngoja kwanza. Ratiba imetangazwa tangu asubuhi. Mbona unashtuka sasa hivi? Wewe ulikuwa unafuata ratiba ipi? Usiniambie unatembea na rasimu za shirika."

"Hapana, Mkuu."

"Basi kaa. Dakika kumi tu."

Alikaa. Hilo ndilo asiloweza kulieleza baadaye, kwa shemeji wala kwa nafsi yake. Alikaa, akaandika ajenda ya tatu, na ajenda ya tatu ilihusu rangi ya bahasha za shirika. Aliona dakika zikipita kwenye saa ya ukutani, akajua mtungi umekwisha, akaendelea kuandika. Ilipofika saa tano na dakika ishirini na tano aliiweka kalamu mezani na kutoka bila kuaga.

Simu ya shemeji haikupatikana. Ya muuza mkaa haikupatikana. Alipiga sita, zote zimezimika. Mtaani simu zilichajiwa muda mfupi kabla ya mgao, na siku hiyo kila mtu alijua mgao ni saa nane.

Alikodi pikipiki. Alimkuta Patasi uani, ameketi juu ya mkokoteni. Alikuwa ameuhamisha mrija mwenyewe kwenda kwenye mtungi. Alikuwa amebeba mto wa kukalia, akauweka mahali pake, akapanda, kwanza makalio, halafu mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa bado uko chini. Mashine ilikuwa ndani, nzito mno kwa mtu mmoja wa namna yake, na ilikuwa bado inalia ule mlio wake mwembamba wa kukosa umeme. Midomo ya Patasi ilikuwa na rangi ya wino.

Uani hapakuwa na mtu isipokuwa bibi wa chumba cha nne, aliyelea mjukuu na ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Wengine wote walikuwa vibaruani.

"Niliisikia ikilia," alisema bibi. "Nikasema moyoni, kumbe saa nane imeshafika, jinsi siku zinavyokimbia. Nikajua sasa hivi mshonaji anakuja."

Mshonaji alikuja saa nane kasoro dakika ishirini, anakimbia, ana vitambaa begani, amewahi. Alisimama kwenye lango, akawatazama watu waliojaa.

"Shemeji," alisema. "Si ulisema nane."

"Nilisema nane."

Msibani mwenye nyumba alikuja na kilo mbili za sukari, akakaa mbele, akatoa pole kwa sauti nzuri. Alipokuwa anaondoka aliinama karibu na mjane.

"Ujumbe wao wa mabadiliko niliupata asubuhi ile," alisema. "Unajua wanatuma kwa mwenye mita. Nikaona habari za saa tano, saa nane, nikaufuta. Mimi kwangu kule hatukatiwi, mwanangu. Sikujua kama una maana."

Mjane akasema asante. Watu wa hospitali walikuja kuichukua mashine yao Jumamosi, wakamsainisha karatasi kwamba ameirudisha nzima.

Jumatatu, siku ya nne, alirudi kazini. Mkuu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa." Kisha akasema kwamba suala la kutoka kikaoni amelisamehe, asiwe na wasiwasi, ila asirudie.

Mezani palikuwa na taarifa ya wiki ya kujaza. Safu ya mwisho iliuliza idadi ya wagonjwa wa mashine walioathirika na mgao. Aliitazama kwa muda. Hakuhisi hasira, wala uchungu. Alihisi kama meno yaliyochomwa sindano ya ganzi: unajua yapo, basi.

"Hapo umekwama?" aliuliza Mtaalamu, akivuta kiti karibu naye. "Hiyo inajazwa kwa alama. Laini zenye alama hazikukatwa. Kwa hiyo ni sifuri."

Akaandika sifuri.

Halafu akaingiza uniti. Laini ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Alipoingiza ya kumi na saba, Mtaalamu alisogeza uso kwenye kioo.

"Hii umeingiza sawasawa? Imeshuka. Uniti sita, saba kwa siku, tangu Alhamisi."

"Ni sawa."

"Una hakika? Unajua sababu?"

"Kuna mashine moja imezimwa."

"Aa. Basi hakuna tatizo." Alikunywa maji. "Zamani uniti saba zisingebadilisha kitu. Lakini sasa tumefunga pengo, programu inasikia hata kidogo. Hebu iendeshe tuone."

Aliiendesha. Tarakimu zilipanda na kushuka kwenye kioo, zikapungua mwendo, zikatulia. Laini ya kumi na saba ilikuwa imepungua uzito. Kesho ingekatwa saa tano, na kuanzia kesho, kila siku, ingekatwa tena saa kumi na mbili jioni.

Mtaalamu alisoma mstari wa mwisho, ule wa jumla, akatabasamu.

"Hasara imeshuka tena," alisema. "Thibitisha, mama."

Akabonyeza.